Mshauri wa Fedha wa Masanze Analipwa na Nani?

Mtu wa Masanze, wilayani Kilosa, hatafuti mlango wenye kibao cha "mshauri wa fedha" ndipo ashauriwe. Ushauri unamfuata mwenyewe. Ufuta ukishauzwa na fedha zikaingia kwenye simu, wakala wa miamala ni miongoni mwa watu wa kwanza kujua, na ndiye atakayemwambia kuwa anaweza kuweka akiba humohumo kwenye laini, au kwamba laini yake imeshastahili mkopo. Afisa mikopo hufika na pikipiki na fomu. Mwalimu wa kikoba huwaambia wanachama hisa moja iwe shilingi ngapi na riba iwe asilimia ngapi. Wakala wa bima hupita baada ya mavuno. Afisa maendeleo ya jamii huwaeleza vijana namna ya kuandika andiko la mradi ili wapate mkopo wa halmashauri. Katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, akitamka neno kuhusu pembejeo za mkopo, wanachama wengi hulifuata. Hawa wote ni washauri wa fedha kwa maana halisi ya kazi hiyo: wao husema, watu huchukua hatua, na fedha huenda kule walikosema iende. Kinachokosekana ni kuwahoji. Anayenunua shamba humuuliza muuzaji alilipataje. Anayempeleka mgonjwa kwa mganga huuliza kwanza amewahi kumponya nani. Lakini yule anayeelekeza mapato ya msimu mzima mara chache huulizwa amesoma nini, alikuwa akifanya kazi gani kabla ya hii, leseni yake imetolewa na nani, na mkate wake unatoka wapi.

Maswali hayo manne hayana uzito sawa, na mpangilio wa uzito wake si ule tuliouzoea. Sisi tumelelewa kuheshimu shahada kwanza, kisha uzoefu, kisha leseni kama karatasi ya kumridhisha mkaguzi, na habari ya malipo tukaiona utovu wa adabu: utamuulizaje mtu anayekusaidia kwamba anapata nini? Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Shahada ndiyo inayotuambia machache zaidi na chanzo cha malipo ndicho kinachotuambia mengi zaidi. Tukiukubali ukweli huo, basi mshauri bora wa fedha kwa vijiji vya Kilosa huenda akawa mtu ambaye tayari yupo, tayari analipwa, na hajawahi kufikiriwa hivyo.

Tuanze na vyeti, maana ndivyo vinavyotundikwa ukutani. Tanzania ina njia kadhaa za kumfanya mtu awe mtaalamu wa fedha, na kila njia hupima kitu chake. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, hutoa CPA. Cheti hicho ni kigumu kukipata na kinastahili heshima yake, lakini kimsingi kinapima uwezo wa kuandaa na kukagua hesabu, yaani kusema kwa usahihi fedha ilikwenda wapi. Iende wapi kesho ni elimu nyingine. Taasisi ya Mabenki, TIOB, huwatahini watu wa benki. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, nacho kilichoanza mwaka 1972, kimezalisha vizazi vya watu wa kodi, bima na benki. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inaendesha kozi ya watendaji wa masoko ya mitaji kwa ushirikiano na taasisi ya kitaaluma ya Uingereza, na hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi ya ushauri wa uwekezaji. Wenzetu wa Kenya wamekwenda hatua moja mbele: sheria yao ya mwaka 2015 iliwaundia wachambuzi wa uwekezaji na fedha chama cha kisheria, na mitihani yao husimamiwa na KASNEB, bodi iliyoanza mwaka 1969. Hata hivyo, mtihani unapima alichokijua mtu siku ile ya mtihani. Haupimi kama atakwambia unachohitaji kusikia au atakwambia kinachomlipa yeye, na kwa mkulima tofauti hiyo ndiyo mambo yote.

Leseni ni jambo jingine, na hapa kuna mkanganyiko uliowagharimu Watanzania wengi. Mtu anaweza kukuwekea mezani cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA, namba ya mlipakodi na leseni ya biashara ya halmashauri, karatasi tatu zenye nembo, na bado asiwe na ruhusa ya kugusa shilingi yako. Usajili unasema kampuni ipo. Namba ya mlipakodi inasema inajulikana kwa TRA. Leseni ya biashara inasema imelipa ada ya kufungua mlango. Ruhusa ya kupokea amana za umma hutolewa na Benki Kuu, ruhusa ya kushauri kuhusu hisa na hatifungani hutolewa na CMSA, ya kuuza bima hutolewa na mamlaka ya bima, TIRA, na ya kukopesha chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 hutolewa kwa kufuata madaraja manne, kuanzia taasisi zinazopokea amana hadi vikundi vya kijamii kama vikoba. CMSA hutoa leseni kwa kampuni na vilevile kwa mtu mmojammoja anayeiwakilisha, kwa hiyo kusema "kampuni yetu ina leseni" ni nusu ya jibu.

Kisa cha DECI kinabaki kuwa somo kamili katika hili. Mwaka 2009 watu wa mijini na vijijini walikuwa "wakipanda mbegu", maana ndiyo lugha waliyofundishwa, wakiahidiwa kuvuna maradufu. Haikuwa biashara ya gizani. Ilikuwa kampuni yenye ofisi na stakabadhi, na miongoni mwa vinara wake walikuwamo wachungaji, watu ambao wasifu wao katika jamii ulikuwa umeshajengwa kwa kazi nyingine kabisa. Mashtaka yaliyofika Mahakama ya Kisutu yalikuwa mawili ya msingi: kuendesha upatu, na kupokea amana za umma bila leseni. Mwaka 2013 baadhi ya viongozi wake wakatiwa hatiani. Shtaka lile la pili lingeweza kujulikana na mpanda mbegu yeyote siku ya kwanza kabisa, kwa swali moja tu lililopelekwa Benki Kuu. Watu hawakuliuliza kwa sababu walikuwa wamekwishajibiwa na sifa ya aliyewaalika.

Atatokea wa kusema kwamba leseni nayo si kinga, na atakuwa na ushahidi. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa kukosa mtaji wa kutosha, zikiwamo benki za wananchi za Njombe na Meru na benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera. Zote zilikuwa na leseni halali na wafanyakazi waliosoma. Kweli kabisa. Lakini tazama kilichofuata katika visa hivi viwili. Mteja wa benki iliyofungwa alikuwa na mahali pa kwenda: Bodi ya Bima ya Amana ilimfidia hadi kiwango cha kisheria, ambacho wakati huo kilikuwa shilingi milioni 1.5, na kwa mwenye akiba ndogo hiyo ilikuwa akiba yake yote. Aliyepanda mbegu DECI alibaki miaka akiulizia fedha yake, mpaka habari zikafika bungeni. Leseni haimfanyi mshauri kuwa mwema wala mwerevu. Faida yake ni kwamba mambo yakiharibika kuna ofisi ya kwenda kuigongea mlango, na ofisi hiyo inajua jina la mtu. Kwa mtu wa Masanze, ambaye kufika tu dirisha la benki ni safari ya kwenda Kilosa mjini, kuwa na mlango wa kugonga si jambo dogo.

Uzoefu, yaani historia ya kazi, husifiwa kuliko vyote na huchunguzwa kidogo kuliko vyote. "Nimekaa benki miaka ishirini" ni sentensi inayofungua milango mingi, lakini inapaswa kufuatwa na swali la dawati gani. Aliyekaa miaka ishirini akisukuma mikopo ana uzoefu wa miaka ishirini wa kusukuma mikopo, na hajawahi hata siku moja kulipwa kwa kumwambia mteja asikope. Aliyekuwa mkaguzi wa ndani anajua jinsi fedha inavyopotea. Aliyekuwa kwenye hazina ya benki anajua hatifungani. Wote hao huandika neno lilelile, "benki", kwenye wasifu wao. Vilevile mshauri anayejisifu kwa matokeo apimwe kwa ushauri wake wote, si kwa ule uliofaulu tu. Chukua toleo la hisa tatu ambazo Watanzania wa kawaida walihamasishwa kuzinunua: NMB mwaka 2008 kwa shilingi 600, CRDB mwaka 2009 kwa shilingi 150, na Vodacom mwaka 2017 kwa shilingi 850. Hisa ya NMB ilivuka shilingi 5,000 mwaka 2024. Ya CRDB iliteremka hadi chini ya 100 miaka kumi baada ya kuuzwa, ikawakatisha tamaa wengi, kisha ikapanda kupita 500 kufikia mwaka 2024. Ya Vodacom ilikaa chini ya bei yake ya mwanzo kwa miaka. Mshauri mmoja angeweza kuwashauri watu wazinunue zote tatu, kwa maneno yaleyale na kwa dhati ileile. Leo atakusimulia ya NMB. Zaidi ya hapo, aliyenunua CRDB na kulazimika kuuza mwaka 2019 kwa sababu ya ada ya shule alipata hasara katika uwekezaji ambao leo unaitwa mzuri. Kwa hiyo uzoefu unaofaa kijijini ni wa kujua fedha ya nani inaweza kusubiri na ya nani haiwezi, na huo hauandikwi kwenye wasifu wa mtu aliyefanya kazi zake zote kwa watu wenye mshahara wa kila mwezi. Mkulima wa Masanze hana mshahara wa tarehe 25. Fedha yake huja kwa msimu, ikifuatana na madeni ya msimu uliopita, na kosa moja la mwezi wa saba hurekebishwa mwezi wa saba unaofuata.

Asiyeamini kwamba shahada, leseni na historia ya kazi vyote kwa pamoja vinaweza kudanganya, na amtazame Bernard Madoff wa New York. Alifungua kampuni yake mwaka 1960. Alikuwa mwenyekiti wa NASDAQ. Kampuni yake ilijulikana kwa wadhibiti, na mwaka 2006 ilisajiliwa rasmi kama mshauri wa uwekezaji. Ungetaka wasifu gani zaidi ya huo? Desemba 2008 alikamatwa, akakiri kwamba biashara yake ya ushauri ilikuwa udanganyifu, na mwaka 2009 akahukumiwa kifungo cha miaka 150. Hesabu za kwenye karatasi alizokuwa akiwatumia wateja zilifikia takriban dola bilioni 65, na sehemu kubwa ya fedha hiyo haikuwahi kuwapo. Liko jambo ambalo wateja wake wangeweza kuliona bila kusoma hesabu hata moja: mtu aliyewashauri ndiye huyohuyo aliyeishika fedha yao, na ndiye huyohuyo aliyewaandikia taarifa kwamba ipo. Hapakuwa na mkono wa pili.

Sasa geuka utazame sanduku la kikoba. Mfumo ulioingia Afrika Mashariki kutoka Niger, ambako shirika la CARE liliwaanzishia wanawake vikundi vya akiba mwaka 1991, umewafundisha akina mama wa vijijini kanuni ambayo matajiri wa New York waliisahau. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanachama watatu tofauti, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, kwa sauti, na kila mtu hukariri salio kabla ya kuondoka. Mweka hazina hahitaji kuwa malaika, kwa sababu utaratibu hautegemei umalaika wake. Ukitaka kigezo cha kwanza cha kumpima mshauri wa fedha, kichukue hapo: mshauri hashiki fedha. Anayekushauri, kisha akakwambia umtumie yeye kwenye namba yake akuwekezee, ameshashindwa mtihani kabla hujaangalia vyeti vyake. Ni bahati mbaya kwamba simu, pamoja na wema wake wote, imeanza kuifuta kanuni hii. Kikundi kinachohifadhi akiba kwenye laini ya mwenyekiti mmoja kimezitupa kufuli mbili kati ya tatu. Zipo huduma za vikundi kwenye simu, M-Koba ikiwa mojawapo, zinazotaka zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha, na kikundi kilichohamia kwenye simu bila kutumia utaratibu wa namna hiyo kimerudi nyuma kikidhani kinasonga mbele.

Tufike sasa kwenye swali lililoitwa la utovu wa adabu. Sheria yetu ya bima ya mwaka 2009 imelijibu vizuri kuliko watu wengi wanavyojua, maana inatenganisha wakala na dalali. Wakala wa bima ni mtu wa kampuni, anauza bidhaa ya kampuni. Dalali wa bima ni mtu wa mteja, kazi yake ni kumtafutia mteja bima inayomfaa kutoka kampuni mbalimbali. Wote wanaweza kuwa waaminifu, wote wana leseni ya TIRA, lakini sheria imekwishakwambia kila mmoja amesimama upande gani wa meza. Katika huduma nyingine zinazofika kijijini hakuna utengano ulio wazi kiasi hicho. Afisa mikopo hupimwa kwa mikopo aliyotoa na marejesho aliyokusanya. Wakala wa simu hulipwa kamisheni kwa muamala. Wanaoendesha mikopo ya "kausha damu" hawahitaji hata kueleza wanavyolipwa. Jina walilopewa na wananchi limeeleza. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni, na kila moja ilikuwa imejitambulisha kwa wateja kama msaada. Hakuna kati ya watu hao anayelipwa kwa kusema "usikope" au "subiri". Katika fedha, nusu ya ushauri mzuri ni kusema usifanye, na ushauri huo hauna kamisheni.

Uingereza walijaribu kulitibu tatizo hili kwa nguvu. Kuanzia mwisho wa mwaka 2012 walipiga marufuku washauri kulipwa kamisheni na kampuni ambazo bidhaa zao wanazipendekeza, na wakati huohuo wakapandisha kiwango cha elimu kinachotakiwa. Mshauri alipwe na mteja, waziwazi. Kwa tajiri ilikuwa nafuu. Kwa mtu wa kipato cha chini ikawa hasara ya aina nyingine, kwa sababu hakuwa tayari kulipa ada ambayo zamani hakuiona, na washauri wengi wakaacha kuhangaika na wateja wadogo. Watetezi wa kamisheni huku kwetu huutumia mfano huo, na hoja yao si ya kupuuzwa: ukimnyima wakala kamisheni, nani atapanda pikipiki mpaka Masanze? Nani atamweleza mkulima kuhusu bima ya mazao, au kuhusu mifuko ya UTT, ambayo tangu Mfuko wa Umoja ulipoanza mwaka 2005 imekuwa njia rahisi ya mtu mdogo kuingia kwenye uwekezaji wa pamoja? Afadhali ushauri wenye upande kuliko kutokuwa na ushauri kabisa.

Hoja hiyo ingekuwa na mwisho wake hapo kama pasingekuwa na mtu mwingine kijijini. Lakini yupo. Afisa maendeleo ya jamii analipwa mshahara na Serikali. Afisa ugani analipwa mshahara. Afisa ushirika analipwa mshahara. Hakuna anayepata kamisheni mkulima akikopa, akikata bima, au akinunua vipande vya mifuko ya UTT. Uingereza ilibidi itunge kanuni na kuvumilia kelele za miaka ili kupata mshauri asiye na kamisheni. Kilosa inaye, na anakaa ofisi ya kata. Asichonacho ni elimu ya fedha. Amefundishwa Tengeru namna ya kuamsha ari ya jamii, au Moshi namna ya kusimamia ushirika, au Ilonga hapohapo Kilosa namna ya kupanda na kuhifadhi. Wakala na afisa mikopo, kwa upande wao, wanajua bidhaa za fedha vizuri sana ila wamefungwa na kamisheni. Basi tuna makundi mawili, moja lina uhuru bila ujuzi na jingine lina ujuzi bila uhuru. Ni rahisi mara nyingi zaidi kumpa ujuzi aliye huru kuliko kumpa uhuru aliyekwisha kuajiriwa kwa kuuza. Kozi ya wiki kadhaa kuhusu riba halisi, mikataba ya mikopo, bima, hatifungani na namna ya kuhakiki leseni inatosha kumfanya afisa wa kata kuwa mshauri wa awali mwenye manufaa. Maafisa wa Wizara ya Fedha wamekuwa wakizunguka mikoani kutoa elimu ya fedha kwa wananchi, na hilo ni jema, lakini mkutano wa siku moja chini ya mwembe hauwezi kuwa pale siku mkulima anapowekewa fomu mbele yake. Afisa wa kata anaweza kuwapo.

Wanaoijua halmashauri watakuwa wameshaguna. Afisa huyohuyo ndiye anayeviandaa vikundi kupata mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya kasoro zilizoonekana wazi, vikundi hewa na marejesho hafifu yakiwamo, na iliporejea mwaka 2024 ilirudi na utaratibu mpya. Mtu anayetafuta vikundi vya kukopa ili halmashauri ionekane imetekeleza si huru kama anavyoonekana. Yeye hali kamisheni, lakini anakula sifa, na sifa nayo ni malipo. Pingamizi hili ni zito kuliko lile la kamisheni, na sidhani linajibika kwa kumtaka afisa awe mwadilifu. Jibu ni lile la sanduku: tenganisha mikono. Anayefundisha na kushauri asikae kwenye kamati inayopitisha mkopo, na anayefuatilia marejesho awe mtu wa tatu. Katika kata yenye afisa mmoja tu inaweza kulazimu afisa wa kata moja ashauri vikundi vya kata ya jirani, wa Masanze aende kata ya Ulaya na wa Ulaya aje Masanze. Itagharimu mafuta ya pikipiki. Upatu mmoja unagharimu zaidi.

Liko pingamizi la mwisho, nalo hutolewa kwa upole na watu wa mjini: kwamba mwenye magunia kumi ya ufuta hahitaji mshauri wa fedha, anahitaji bei nzuri. Bei nzuri anaihitaji, hakuna ubishi. Lakini hesabu hii imegeuzwa. Mfanyakazi wa Dar es Salaam akipoteza milioni moja kwenye uwekezaji mbovu, anaukunja uso na kusubiri mshahara. Mkulima akipoteza milioni moja huenda amepoteza mbegu, ada na paa. Kadiri fedha inavyokuwa ndogo ndivyo ushauri mbaya unavyouma, na ndivyo sifa za anayeutoa zinavyostahili kuchunguzwa. Udhibiti wetu umefanya kinyume: anayemshauri mwenye mamilioni kuhusu hatifungani ya miaka 25 lazima awe na leseni ya CMSA, ilhali anayewaambia wanawake thelathini waweke akiba yao yote ya mwaka kwenye kikoba chenye riba ya asilimia kumi kwa mwezi haulizwi hata alijifunzia wapi. Sisemi mwalimu wa kikoba atahiniwe kama dalali wa hisa. Wengi wao wangeshindwa mtihani huo na bado wangekuwa walimu wazuri, na kuwafukuza kungekuwa kuwaachia uwanja kausha damu. Wanachostahili ni kujulikana.

Mlango wa kulifanya hilo tayari uko wazi. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, vikundi vya daraja la nne husajiliwa kupitia mamlaka za serikali za mitaa, kwa maana kwamba daftari la vikoba vya Masanze ni la Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa. Halmashauri na iongeze safu mbili kwenye daftari hilo: nani aliyekifundisha kikundi hiki, na nani aliyemlipa.